Barua ya Maneno Mia Moja

Rafiki yangu, sogea karibu. Hii habari nimeiambia watu wawili tu, na mumoja kati yao ni padri. Leo nimechoka, na mutu akichoka hana nguvu ya kupamba maneno, kwa hiyo utaipata vile ilikuwa.

Nauza maharagi hapa Keshero, ile yenye inatoka Rutshuru. Naamka saa kumi ya asubuhi, nasali, nachagua mawe mu maharagi, naenda kukaa sokoni mpaka miguu inavimba. Niko na watoto wane. Tangu Mungu alimuita baba yao, miaka sita sasa, kila kitu cha nyumba kinaniangalia mimi.

Binti yangu wa kwanza alitaka kusomea uuguzi Kampala. Kuko shirika moja la kanisa lenye linalipia wanafunzi, lakini karatasi zao zote ni za Kiingereza. Ndani yake wameacha nafasi ya muzazi: aandike kwa mukono wake mwenyewe, kwa Kiingereza, habari ya mutoto na ya nyumba, maneno mia moja. Ikipita mia moja, hawaisomi. Mara ya kwanza nilienda kwa muzee mumoja mwenye anaandikiaka watu barua kando ya barabara. Dosie, zile karatasi zote, ikarudi. Walisema hawakuomba barua ya mwandishi, waliomba ya mama.

Binti yangu hakulia. Alikunja ile karatasi, akaiweka chini ya godoro, akaenda inje kuosha vyombo. Nilisikia sahani zinagongana kwa muda mrefu kuliko sahani zenye tulikuwa nazo. Alibakiza mara moja tu ya kuomba. Shirika linapokea dosie kila miaka mibili, na kiisha ile mara umri wake ungepita. Ile wiki nikaingia masomo ya mangaribi.

Tulikuwa tunasomea mu chumba kimoja cha mbao nyuma ya parokia, saa kumi na moja mpaka saa moja. Mwalimu wetu alikuwa mwanamuke mudogo kuliko mimi, mutu wa Butembo, alisoma Uganda. Sisi tulimuita mama mwalimu, na yeye alituita wamama hata wanaume wakiwa ndani. Nyuma yangu alikaa motari mumoja, mwenye anabeba watu kwa pikipiki, yeye hakuvuaka jaketi hata kukiwa joto. Mara nyingi nilisinziaka. Motari alinigonga kwa biki, kalamu yake, kwenye bega. «Mama, amuka, wanagawa Kiingereza.»

Miaka miwili nilifanya hivyo. Nikaandika barua yangu mwenyewe, usiku tatu, nikaipeleka kwa mama mwalimu. Akahesabu. Maneno mia moja na makumi sita na tatu.

«Mama,» akasema, «hapa juu unamusalimia nani?»

«Mukubwa wa shirika.»

«Na hapa?»

«Bibi yake. Na watoto. Na wenye wanafanya kazi naye.»

«Unawajua?»

«Siwajui, lakini naweza kuingia kwa mutu bila kusalimia?» Kwetu barua yenye haina salamu ni ya kufukuza mupangaji.

Motari akasema, «Umesahau muzamu wa mulangoni. Yeye ndiye atakufungulia.»

Mama mwalimu alikata salamu yote, maneno makumi tatu na moja. Nilisikia haya, kama vile amenivua kitenge mbele ya watu.

Kisha akanionyesha kitu chenye sikuwa nimekiona. Nyuma ya karibu kila tendo nilikuwa nimefunga kaneno kadogo. Niliandika «return back», niliandika «lift up», «meet up», «repeat again». Akaandika yote kwenye tablo, ule ubao wa mbele, akauliza kalasi muzima: «Siye tunasema panda juu, shuka chini, toka inje. Kuko mutu mwenye anashuka juu?»

«Mimi,» motari akasema. «Nikienda Munigi kule juu na abiria muzito, napanda nikiwa nashuka.»

Watu wakacheka. Mama mwalimu akangoja wanyamaze. Akasema mu kuongea, tuko wengi, tuko na kelele, kale kaneno kanasaidia. Lakini mu barua mutu anasoma peke yake, haiko na kelele. Kama tendo limeisha kusema, uliache lipumzike. Nilipenda pale aliposema kupumzika.

Nikarudi nyumbani nikaanza kuondoa. Niliondoa kumi na moja. Niliona raha mbaya, nikaondoa hata pale haikufaa. Niliandikaka kwamba kwa masomo ya mutoto «I never gave up», maana yake sikukata tamaa. Nikakata mukia, kale «up». Kesho yake mama mwalimu akashika mudomo. «Sasa umewaambia haukutoa kitu hata siku moja.» Akakarudisha. Akasema ujaribu kwanza: ondoa, soma tena, kama maana imebaki, kale kaneno kalikuwa muzigo, kama maana imekufa, kalikuwa mufupa.

Ikabaki mia moja na makumi mbili na mbili. Karatasi zilipaswa kupanda basi siku ya posho, Jumamosi.

Binti yangu alisoma barua akiwa anapepea moto wa makala chini ya sufuria ya mboga. «Mama, hapa mwisho unamushukuru Mungu maneno kumi na ine. Ondoa. Mungu hatakasirika.»

«Najua hatakasirika.»

«Basi?»

«Basi mimi nitakasirika.»

«Mama, ni nafasi yangu.» Hakupandisha sauti. «Ni yangu, haiko ya Mungu.»

Nilimuambia asichome mboga. Mutu anaweza kuomba mu jina la Mungu miaka yote, kisha siku ya kuandika karatasi amufiche kama chupa? Lakini na mutoto alisema kweli.

Siku ya tano, Ijumaa, niliwahi kufika kalasi. Mama mwalimu alikuwa peke yake, anafuta tablo. Akasoma tena, polepole. Akasema hata tukiondoa Mungu, bado itapita. Kisha akaweka kidole katikati.

«Mama, hapa unasema nini?»

Ilikuwa pale kwa baba ya watoto. Niliandika kwamba ile siku Mungu alimuita juu arudi nyumbani kwenda kupumzika pamoja na wenye walitutangulia mbele. Maneno makumi mbili na sita kwa Kiingereza, mikia kila pahali.

«Nasema alienda.»

«Alienda wapi?»

Alienda Rutshuru kuchukua maharagi, akarudi na homa, siku ya tatu asubuhi nilimugusa mukono. Miaka sita nilisema Mungu alimuita, alitutangulia, hayuko. Padri alisema hivyo, majirani walisema hivyo, na watoto wakajifunza kwangu. Lile neno lenyewe halikuwa limepita mu kinywa changu.

Mama mwalimu hakunisukuma. Alisema tu, «Kwa Kiingereza iko neno moja. Halina mukia.» Akaniachia biki, akarudi kwa tablo yake.

Nikaandika: «My husband died.» Maneno tatu. Tukahesabu wote wawili, mara mbili. Makumi kenda na kenda. Mungu alibaki chini na shukrani yake yote.

Nyumbani binti yangu alisoma akiwa amesimama. Alipofika pale akasimamisha macho. Akakaa chini karibu yangu. Akasema kwa Kiswahili, kwa sauti ya polepole, «Papa alikufa.»

«Ndiyo,» nikasema. «Papa alikufa.»

Wadogo zake walikuwa wanaangalia. Wa mwisho akauliza kama sasa inaruhusiwa kusema. Nikamuambia inaruhusiwa. Tulilia mpaka chakula kikapoa, kisha tukakula.

Karatasi zilienda. Kiisha miezi mibili wakamuita binti yangu, wakamuuliza maswali, wakamukubali. Sijui kama ni barua yangu ao ni alama zake, na sikuuliza. Sasa yuko Kampala, na mimi nachagua mawe bila yeye, mikono miwili tu. Nimechoka, rafiki, lakini huu uchovu haunitishi.

Nakuomba kitu kimoja. Ukijua mama mwenye ako na karatasi ya kujaza na analala na biki mu mukono, mupelekee hii habari. Musomee, kama hasomi. Na yeye amuambie mwingine.