Sikio la Mkebe

Nakumbuka, mwanangu, siku mkebe wa maziwa uliponisemesha sikioni. Ilikuwa hapa hapa Baraka, kando ya ziwa, zamani za Wabelgiji. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na majivuno ya mtu wa sabini.

Redio niliiunda mwenyewe: waya niliutoa katika lori lililokufa, nikauzungusha kwenye kipande cha mwanzi. Wembe butu niliuchoma motoni mpaka ukawa wa buluu, nikaugusa kwa ncha ya penseli. Sikio lenyewe la kusikilizia lilikuwa sumaku ya dinamo ya baiskeli, waya mwembamba kama unywele, na kifuniko cha mkebe. Waya mmoja ulipanda michikichi miwili, mwingine ukazama ziwani. Miezi minne nilihangaika, na wenzangu wa kuvua wakaniita fundi wa takataka.

Jioni hiyo nikasikia. Kwanza mvumo kama mvua juu ya mabati, kisha wimbo, kisha mwanamume akisema Kifaransa huko Usumbura, ng'ambo ya ziwa. Nilipiga kelele, watu wakajaa. Lakini mkebe ulitosha sikio moja tu, na kila mwingine alipoushika, ile penseli ilitikisika na sauti ikapotea. Basi wakabaki kunitazama mimi mdomoni. Lo, utamu ule!

Ndipo akasogea Mama Asende, jirani yetu mjane. Mwanawe wa pekee, Asende, alikuwa Albertville, bandari ya kusini, kwenye kazi ya reli, na habari zake zilikuwa zimekatika.

"We mutoto, hii redio iko inasema habari ya Asende?"

Ningesema sijui. Ila watu walikuwa wengi, mwanangu. Nikafumba macho kama padri, nikasema, "Ndiyo, mama. Banamutaja. Iko anakuya na bato ya mwezi huu."

Alinikumbatia akilia. Kesho yake akaanza kuezeka upya nyumba ya mwanawe.

Siku tisa baadaye mchuuzi wa samaki alifika kutoka Albertville na ujumbe: Asende yuko hospitali, hali yake mbaya, anamwita mama yake. Mashua yake ingerudi kesho yake asubuhi, na nafasi ipo. Mama Asende akamcheka.

"Redio inashinda mudomo ya muntu. Mutoto wangu iko njiani. Nikienda, atakuta mulango imefungwa."

Nilikuwa hapo karibu nikishona wavu. Niliinamia wavu, nikanyamaza. Ule uongo wa kwanza ulikuwa wa kijinga, lakini kunyamaza kule ndiko kunakoniumiza hadi leo.

Bato, ile meli ya kila mwezi, ilipotia nanga, aliyeshuka ni mwenzake wa kazi, amebeba sanduku la nguo za Asende. Walikuwa wamekwisha kumzika.

Baada ya matanga, Mama Asende alikuja kwetu akaomba ule mkebe. Aliushikilia sikioni muda mrefu.

"Mi niko nasikia tu mvua," akasema. "Jina ya mutoto wangu, we ulisikia wapi?"

Nikaishika ile penseli, kana kwamba ndiyo yenye kosa.

"Kama ungesema hausikie kitu, ningeenda."

Akauweka mkebe chini polepole, akarudi kwake. Hakunilaani. Afadhali angenilaani. Alikufa miaka mingi baadaye, na neno la kumwomba radhi bado nimelikalia. Majuto ni mjukuu, na wangu amezeeka pamoja nami.

Mwanangu, watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa fupi kwangu mimi. Aliyebaki kuitembea ni yule mama. Leo unayo simu inayokuletea maneno ya kila upande, na watu wanakutazama mdomoni kama walivyonitazama. Usichokisikia, sema sikukisikia. Aibu yake haimalizi siku mbili. Na ukiwa umekwisha kudanganya, basi fungua kinywa kabla mashua haijaondoka.

Mungu akupe sikio zima na ulimi usioongeza. Na siku mtu wako atakapokuita akiwa mbali, Mungu akufikishe kwake angali anakuita.