Gitaa Lililokaguliwa Bila Kupigwa

Fundi makochi, yule wanayemwita Sponji, hakuwahi kutaja bei ya kazi kabla hajalipindua kochi miguu juu. Mteja anaweza kusimama pale mlangoni akasema ana haraka, gari linamsubiri, ni kitambaa tu kimechoka. Sponji huitikia "sawa bosi, sawa kabisa," huku ameshapiga goti, ameshakibandua kile kitambaa cheusi cha chini kwa bisibisi bapa, na kichwa chake kimeshaingia ndani ya kochi kama anayemtafuta kuku. Akitoka humo ana vumbi kwenye nyusi na anajua kila kitu: mbao ni ya aina gani, mpira upi umekatika, na ni fundi gani mvivu alipita hapo kabla yake. Miaka kumi na minane amekula kwa kazi hiyo, na hakuna kochi lililowahi kumdanganya.

Kwa hiyo Ijumaa ile asubuhi, aliposikia kwamba kuna gitaa la umeme linauzwa kwa fundi redio, alifunga bisibisi mbili na koleo dogo kwenye kitambaa, akatia mfukoni, akaenda.

Hakwenda peke yake. Mkewe, Mama Pacha, alifunika meza yake ya mitumba kwa turubai, akamwomba jirani aitupie jicho, akamfuata.

"Wewe kwa kupatana bei ni bure," alimwambia njiani. "Ukipenda kitu unatabasamu mpaka magego yanaonekana. Wewe kagua, mimi nitaongea."

"Sijasema nitanunua."

"Ndiyo maana nakuja."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kabla ya pacha kuzaliwa, Sponji alikuwa mpiga solo wa bendi moja ya kumbi na harusi. Watu walikuwa wanaacha kucheza ili wamwangalie vidole. Pacha walipokuja, tena wawili kwa mpigo na chumba kimoja cha kupanga, aliuza gitaa akakodi karakana. Kama alijuta, alijutia humo humo ndani ya makelele ya nyundo, hakuna aliyemsikia. Sasa aliyeshika nafasi yake alikuwa amehama mji, na gitaa la bendi akaondoka nalo. Jumatano Kapteni, kiongozi wa bendi, alikuja mpaka karakana, akakaa juu ya kochi lisilo na kitambaa, akasema: "Rudi, ndugu yangu. Jumamosi mchana tuna mazoezi. Ukija na gitaa lako, solo ni yako. Usipokuja kuna kijana mmoja ananisumbua, nitampa yeye."

Kitu ambacho Kapteni hakukijua ni kidole. Miaka mitano iliyopita, Sponji akiwa anang'oa misumari ya zamani kwenye mbao, patasi iliteleza ikaingia kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto. Kilipona, lakini ncha yake haikunjiki. Kwa kuvuta kitambaa haina neno. Kwa mpiga solo, kidole hicho ndicho kinachokimbia nusu ya safari. Tangu siku ile Sponji hakugusa uzi wa gitaa hata kwa utani. Na alipoulizwa kwa nini amenuna tangu Jumatano, alisema anahofia tu kuuziwa gitaa bovu.

Duka la fundi redio lilikuwa chumba chembamba, kama korido iliyosahauliwa mlango wa pili. Mezani redio zilikuwa wazi matumbo nje, feni isiyo na kifuniko ilikuwa inazungukia ukutani, na harufu ya risasi ya kuchomelea waya ilikuwa imekaa humo kama mpangaji wa siku nyingi. Gitaa lilining'inia kwenye msumari, jekundu la kuiva, limefifia rangi pale mkono wa mpigaji unapolala.

"Karibu mzee, karibu mama," fundi redio alisema. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya mahali pa mkono uliovunjika. "Hilo ni la mwalimu mmoja kahamishwa, kaniachia nimuuzie. Halijawahi kutoka nyumbani, amini usiamini."

"Yote huwa hayajatoka nyumbani," Mama Pacha alisema, akijivutia kibenchi. "Hata mimi nguo zangu zote zilivaliwa mara moja, tena na mgonjwa aliyelala tu."

Sponji hakucheka. Alilishusha gitaa kwa mikono miwili, akalilaza mezani kifudifudi, akafungua kitambaa chake cha vyombo.

Alianza na kifuniko cha nyuma, akachungulia waya. Akalisimamisha gitaa, akafumba jicho moja na kuitazama shingo kwa urefu wake, kama anavyotazama mbao iliyopinda. Akaligonga kwa kifundo cha kidole, hapa, pale, huku ameinamisha sikio. Pale shingo inapokutana na kiwiliwili aliona ufa mwembamba kama unywele. Bila kuomba ruhusa akazilegeza nyuzi zote sita, akafungua skrubu nne, akaitoa shingo nzima na kuiweka pembeni.

Fundi redio alisimama. "Mzee, unalichinja?"

"Naliangalia."

"Watu wakija hapa huchomeka waya wakapiga. Wewe ni wa kwanza kuja na bisibisi."

"Ufa huu ni wa nini?"

"Mimi ni wa redio, ya mbao muulize fundi mbao."

Sponji alikwaruza kwa ukucha, akanusa, akapitisha kidole ndani. Ulikuwa ufa wa rangi tu. Mbao ya chini ilikuwa kipande kimoja, kavu, safi, wala hakuna gundi iliyopita hapo. Aliyelitengeneza alikuwa mtu wa kazi. Sponji aliliona hilo, na uso wake ukashuka.

Mama Pacha aliuona uso ukishuka. Alipanga khanga yake vizuri mapajani akaendelea kutazama.

"Na hii swichi imelegea," Sponji alisema.

Fundi redio aliikaza kwa vidole viwili. "Haijalegea tena."

"Hapa rangi imechubuka."

"Mzee, unataka kulipiga au kulioa?"

"Akilioa atatafuta pa kulala," Mama Pacha alisema.

Hivyo hivyo ikaenda karibu saa nzima. Kila alichokishuku alikikuta kizima, na kila alichokikuta kizima kilimwongezea huzuni. Wateja wawili waliingia, wakachukua redio zao, wakatoka. Mwishowe aliirudisha shingo mahali pake, akakaza skrubu, nyuzi akaziacha zinaning'inia, akaanza kufunga vyombo.

"Mbao si mbaya," alisema bila kumtazama mtu. "Lakini sijui. Siyo. Twende zetu, mama."

Mama Pacha hakuinuka.

"Baba Pacha," alisema, kwa sauti ya chini aliyokuwa akiitumia pacha walipokuwa wachanga wamelala, "mteja wangu akiligeuza shati mara tano bila kulivaa, huwa najua hana shida na shati. Ana shida na tumbo lake."

Fundi redio aliinama chini ya meza kama aliyeangusha skrubu.

Sponji aliuangalia mkono wake wa kushoto, kisha akauingiza mfukoni. "Kidole hakikunjiki," alisema.

"Najua hakikunjiki. Nani alikifunga kitambaa siku ile?"

"Nikienda Jumamosi nikashindwa mbele za watu je?"

"Sasa hivi uko mbele ya watu wawili. Mmoja ni mkeo. Mwingine anatafuta skrubu ambayo haijapotea. Shindwa hapa, tujue moja."

Kutoka chini ya meza ilisikika sauti: "Mimi sipo, mzee."

Sponji alikaa. Alizikaza nyuzi moja moja. Fundi redio, ambaye sasa alikuwa amejitokeza, alimpa kidude cha kulinganishia nyuzi, yeye akatikisa kichwa na kuinamisha sikio. Uzi wa kwanza ulimchukua muda. Wa pili kidogo. Kufikia wa tatu mabega yake yalikuwa yameshuka kutoka masikioni, na wa sita aliupatia mara moja. Sikio halijaharibika, alijisemea. Fundi redio akachomeka waya kwenye amplifaya moja kuukuu, ikanguruma kidogo, ikatulia.

Alipiga solo ya zamani, ile iliyokuwa inawasimamisha watu. Sauti nne za kwanza zilitoka kama jana. Ya tano ilikihitaji kidole cha pete, nacho kikasimama wima kama mtu aliyekataa kusalimia, kikagusa uzi wa jirani, gitaa likakoroma. Akarudia. Likakoroma palepale. Mara ya tatu alijaribu polepole, jasho limemtoka puani, na kidole kikafika kikiwa kimechelewa, kama abiria anayekimbilia basi lililokwisha ondoka.

Akaacha kupiga. Amplifaya ilikuwa inavuma peke yake. Mambo yalikuwa yameshajulikana: yule mpiga solo hakuwepo tena, na hakuna gitaa la kumrudisha.

Pengine angelirudisha ukutani wakati huo. Lakini mkono wa kulia, ambao haukuwa na kosa, ulibaki juu ya nyuzi na haukupenda kukaa bure. Ukaanza kukwangua zile tatu nyembamba, fupi fupi, juu chini, juu chini, na kushoto vidole viwili vizima vikazibana pamoja bila kumwomba wa tatu msaada. Hiyo ilikuwa rithimu. Zamani Sponji aliidharau. Kapteni ndiye aliyekuwa anaipiga huku anaimba, na Sponji alimbandika jina la Mfagiaji kwa jinsi mkono wake ulivyokwenda na kurudi usiku kucha mahali pamoja.

Sasa alifagia. Mara ya kwanza alivuruga, ya pili akakaa ndani yake. Kalamu ya fundi redio ilianza kugonga meza. Sponji alimtazama mkewe na kumkuta ameugeuza uso kuelekea mlangoni, kwa sababu mtu wa kupatana bei hatakiwi kuonekana amefurahi.

Alizima, akafuta jasho, akatoa simu.

"Kapteni," alisema, "solo sitaiweza. Kidole kimoja kiliumia zamani, sikukwambia. Solo mpe huyo kijana. Mimi naomba rithimu."

"Nani anaomba rithimu?" Kapteni aliuliza.

"Mimi."

"Wewe uliyeniita Mfagiaji miaka yote ile, mpaka mke wangu akaanza kuniita hivyo?"

"Ndiyo mimi."

Kicheko cha Kapteni kilijaa chumba kizima, na hakikuisha upesi. "Njoo," alisema hatimaye. "Ndugu yangu, njoo hata bila viatu. Mimi pumzi imekwisha. Nikiimba nasahau kufagia, nikifagia nasahau maneno."

Mama Pacha alimsogelea fundi redio. "Haya. Bei."

"Mama, baada ya yote haya niliyosikia?"

"Umesikia mwenyewe ni la kufagilia tu. Kwani ufagio siku hizi unauzwaje?" Akamgeukia mumewe. "Wewe nenda nje."

Sponji alikaa kwenye ngazi ya duka, jua likimpiga magotini. Ndani sauti mbili zilikuwa zinapanda na kushuka. Yeye alikuwa anawaza ukumbi. Mpiga solo husimama mbele, kwenye taa. Wa rithimu hukaa nyuma, karibu na ngoma, na yeye hakuwahi kusimama huko hata mara moja. Alijaribu kukisia kama mtu akiwa pale anawaona wanaocheza, au anaona migongo ya wenzake tu.

Mama Pacha alitoka amelikumbatia gitaa, waya ameuzungusha mkononi kama bangili. "Na waya kanipa. Twende kabla hajapiga hesabu vizuri."

Walipofika kwenye kona, Sponji aliuliza: "Zamani ulipokuwa unakuja ukumbini, yule wa rithimu ulikuwa unamwona?"

"Kapteni? Nani alikuwa na haja ya kumwona Kapteni? Macho yote kwako." Alitembea hatua chache. "Ila siku akikosea, wote tulikuwa tunakanyagana miguu."

Sponji alilipokea gitaa, akaongeza mwendo. Ilikuwa saa tano asubuhi, na mazoezi yalikuwa kesho mchana.