Mwisho Ambao Nyanchera Hakuambiwa

Nyanchera alipenda filamu za kutisha zisizo na mizimu. Hakutaka damu wala bastola. Alitaka nyumba moja, mvua, mlango unaofunguka polepole, na mwanamke anayeanza kujiuliza kama akili zake ziko sawa. Jumapili mchana alikuwa akiniita, nami navuka mpaka wa shamba, tunaketi mbele ya kompyuta ndogo aliyoachiwa na Natasha, binti aliyemlea. Mimi nilifumba macho mara kwa mara. Yeye hakufumba.

"Purity, angalia pazia lile," alininong'oneza siku moja. "Kuna mtu amelisogeza."

"Ni upepo."

"Si upepo. Ngoja tu."

Na kweli haukuwa upepo. Nikamuuliza ni raha gani mtu anapata kwa kukaa roho mkononi saa mbili nzima. Akasema katika filamu hizi kila mtu humwambia mwanamke kwamba anaota, lakini mwishoni hujulikana kuwa aliyoyaona aliyaona kweli. "Hofu yote ile naivumilia kwa sababu ya huo mwisho," alisema.

Wakati huo sikujua ana maana gani. Hapa Nyamira tulijua tu kwamba aliolewa upande wa Nyamache, ndoa ikavunjika, akarudi kwao, na ndugu zake wakamkatia kipande cha shamba chenye chai. Hakujaliwa mtoto. Dada yake alipofariki, alimchukua Natasha akiwa na miaka sita, akambeba mgongoni siku za mvua, akamfundisha kuchuma majani mawili na chipukizi, na mtoto akakua akimwita Mama. Hakuna aliyewahi kumkumbusha kwamba si mama yake mzazi.

Natasha alikwenda Nairobi kusomea utengenezaji wa filamu. Mwaka juzi alirudi na vijana wanne, kamera na mataa, akasema anatengeneza filamu yake ya kwanza na angependa kutumia nyumba ya Nyanchera, kwa kuwa ukungu wa asubuhi wa huku hakuna mtambo unaoweza kuuiga. Nyanchera alifurahi mno. Kwa wiki tatu aliwapikia ugali wa wimbi na mboga za chinsaga, akahamia kwangu ili wapate nafasi. Alipouliza hadithi yenyewe inahusu nini, Natasha alimkumbatia.

"Ni ile aina unayoipenda, Mama. Nikikuambia nitakuharibia."

Ilionyeshwa mara ya kwanza katika ukumbi mmoja mjini Kisii, Jumapili moja ya mwezi wa nane, saa nane mchana. Nyanchera alivaa gauni lake la Sabato. Tuliketi safu ya tatu. Nyuma yetu ukumbi ulijaa walimu, wenye maduka, wanafunzi wa chuo, na watu wa Nyamira waliokuja kuona kwao kunafananaje kwenye skrini kubwa.

Lazima niseme ukweli: ilikuwa filamu nzuri. Dakika kumi za mwanzo hakukusikika neno, ila mvua juu ya mabati. Ukungu ulipanda kutoka kwenye chai ukaingia hadi dirishani. Mwanamke akaweka sufuria kwenye rafu, akatoka kwenda shambani. Aliporudi, sufuria ilikuwa kitandani, imefunikwa blanketi kama mtoto mchanga. Mumewe, mwalimu mpole mwenye miwani, akamtazama kwa huruma, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Umesahau tena?"

Nyanchera alinishika mkono. Nilidhani ni hofu ya kawaida.

"Hii ni nyumba yangu," alisema.

"Si ndiyo waliyoipigia picha?"

"Sisemi ya hapa. Nasema ile ya Nyamache."

Akanieleza kwa minong'ono, macho yakiwa mbele. Bosire, aliyekuwa mumewe, alikuwa mwalimu. Alikuwa akihamisha vitu ndani ya nyumba, anafungulia ng'ombe aliyefungwa, anaficha chumvi, kisha anamuuliza mkewe kwa upole kama amesahau tena. Ilichukua mwaka mzima. Mwishowe hata majirani walimwonea huruma Bosire, na Nyanchera mwenyewe akaanza kuogopa mikono yake. Maneno hayo hakuwahi kumwambia mtu, hata ndugu zake, isipokuwa Natasha. Alimwambia wakichuma chai, msichana akiwa na miaka kumi na saba, amwonye kuhusu wanaume wapole. Natasha aliapa hayatatoka kwake.

Pale mbele, mwanamke akanyunyiza unga sakafuni kabla ya kutoka. Aliporudi aliona nyayo za viatu vya mumewe, kisigino kimoja kimelika upande. Nyanchera alishusha pumzi.

"Hapo ndipo nilipojua," alisema. "Niliona viatu vyake kwenye unga. Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka asubuhi hiyo hiyo."

Nilihisi mkono wake ukilegea. Nadhani alikuwa amekwisha kumsamehe Natasha. Siri ilikuwa imetoka, lakini mwisho ule alioupenda sasa ungekuwa wake, na watu mia mbili wangeushuhudia.

Lakini filamu haikuishia pale. Picha zilirudi nyuma, zikatuonyesha nyumba wakati mume hayupo. Mlango ukafunguka polepole. Aliyeingia alikuwa mwanamke mwenyewe, macho wazi lakini hayaoni, miguu yake ndani ya viatu vya mumewe. Akapita juu ya unga. Akachukua sufuria akaibembeleza, akailaza kitandani.

Ukumbi mzima ulivuta pumzi kwa pamoja, kisha makofi. Nyuma yangu mtu akasema, "Kumbe ni yeye mwenyewe. Maskini, yule mwalimu." Hata mimi nilisisimka hadi kwenye shingo; siwezi kukana. Nilipogeuka, Nyanchera alikuwa ameinamisha kichwa, anatazama miguu yake.

Baadaye aliniambia, "Kwa dakika moja, Purity, niliamini. Nilijiuliza kama mimi ndiye niliyevaa vile viatu."

Natasha alitukuta nje, amebeba maua, uso unang'aa.

"Mama, umeionaje?"

"Nilikuambia wewe peke yako."

Maua yakashuka. "Nilibadilisha majina, Mama."

"Ukabadilisha na ukweli. Afadhali ungeacha majina."

"Mwisho niliouandika kwanza ulikuwa wako. Wale waliotoa pesa na kamera walisema kila mtu ataujua mapema. Walitaka kitu cha kumshtua mtu."

"Watu wameshtuka."

"Ni filamu tu, Mama."

"Bosire naye alisema ni usahaulifu tu."

Natasha alianza kulia. Nyanchera hakumgusa. Tulirudi Nyamira jioni hiyo.

Filamu ilienea kwenye simu za watu. Wengi waliitambua nyumba, na waliomjua Bosire wakamtambua mwalimu. Mwezi wa kumi, Omwenga, binamu wa Nyanchera anayeuza ndizi Nyamache, alileta habari kwamba Bosire ameiona. Sasa ni mzee wa kanisa, ana mke mwingine na watoto wakubwa.

"Anasema nini?" Nyanchera aliuliza.

Omwenga alisita. "Anasema hata mtoto uliyemlea amekiri kwamba ni wewe mwenyewe."

Nyanchera aliendelea kupepeta wimbi wake. Lakini siku ya pili, tukiwa kituoni na vikapu vyetu tukingojea lori la majani ya chai, alisimama mbele ya wanawake wapatao thelathini.

"Mmeiona filamu ya Natasha," alisema. "Nyumba ni yangu na mambo ni yangu. Mwisho si wangu."

Akaeleza yote tangu siku ya kwanza, bila kupandisha sauti. Mokeira, mke wa jirani yetu, akamuuliza mbona mtu amfanyie mkewe hivyo.

"Kanisa lisingemruhusu aoe mwingine akiwa na mke mzima. Mwenye mke kichaa huhurumiwa."

Lori lilifika akiwa bado anazungumza, na karani wa kupima majani akasubiri amalize. Wengine walimwamini. Wengine, niliwaona, walikuwa wanalinganisha na ile ya kwenye simu, na ile ya kwenye simu ilikuwa tamu zaidi.

Natasha alikuja mwezi wa kumi na mbili. Alikuwa amekonda. Alisema ameomba mwisho ubadilishwe, lakini wenye filamu wamekataa, kwa sababu mwisho huo ndio unaoiuza. Akapiga magoti jikoni.

"Nisamehe, Mama."

"Nimekusamehe. Simama ule."

Alimpakulia chakula, akamtandikia kitanda chake cha zamani. Walizungumza juu ya mvua, juu ya bei ya majani, juu ya ndama aliyezaliwa. Natasha alipouliza juu ya ujana wa mama yake, Nyanchera alimjibu kwamba amesahau, akaenda kukamua ng'ombe. Natasha alibaki na sahani mapajani. Alikuwa anajua, kama ninavyojua mimi, kwamba mama yake hajawahi kusahau kitu.