Kimya cha Mzee Salimo

Moshi wa korosho zinazochomwa huwasha macho, na harufu yake hung'ang'ania kwenye nguo hata zikifuliwa. Msimu ule kijiji chetu kizima cha Kibuta kilinukia hivyo. Nilikuwa darasa la nne, nikibangua korosho na mama yangu wa kambo, Mama Atija, na jirani yetu, Mzee Salimo. Wazazi wa wote wawili walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, wakazaa huku, wakazikwa huku. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wawili walilishika jembe hilo tangu utotoni. Lakini likaja agizo: asiye na cheti cha kuzaliwa arudishwe kwao.

Wakaitwa wajieleze mbele ya afisa wa uhamiaji, katika darasa la shule yetu. Mama Atija alisimama, mkono wake begani mwangu. "Mwanangu," alimwambia afisa, "huko unakokuita kwetu sijui hata njia yake. Kitovu changu kimezikwa kambi ya mkonge. Mama wa huyu alipofariki, nilimlea mimi, kwa uji wa mtama. Ukiniondoa, utamwachia nani?" Akaendelea kusimulia, mpaka wanawake waliosimama madirishani wakafuta machozi. Afisa akasema, "Kaa chini, mama. Utabaki."

Ikafika zamu ya Mzee Salimo, mtu ambaye hata salamu aliipokea kwa kutikisa kichwa. "Mzee, huna la kusema?" afisa alimuuliza.

"Mimi ni wa hapa tu," alijibu. Alipoulizwa tena, akarudia yale yale. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Nasi tulikuwa tukimngoja aanze. Baba, aliyechimba naye kisima, aliinamisha kichwa. Mama Atija alinibana bega. Mzee akapakiwa kwenye gari, na hakurudi tena. Kwetu ilipikwa pilau ya shukrani. Mama Atija alionja tonge moja, akasukuma sinia. "Ningemsemea," alisema, "ila niliogopa kupokonywa nilichopewa."

Leo naishi Sofu, Kibaha. Watu wenye shida kama ile hunijia, wengine kutoka vijiji vya huko Kwala. Nakaa nao kabla hawajaitwa, nawauliza taratibu, kisha nafuatana nao kwa maafisa kusema. Nimeona simulizi ya mtu mmoja ikibadili uamuzi, na safari moja hata agizo lenyewe likalegezwa. Watu hunisifu, nami hukosa pa kuweka uso. Maneno ya Mama Atija yalinibakishia mama. Ya Mzee Salimo tulikuwa nayo sote vinywani, tukayameza.