Niliitwa mwizi Kariakoo kwa sababu ya tisheti, nikaokolewa na shikamoo

Wakuu, habari za humu ndani.

Mimi ni msomaji wenu wa muda mrefu. Huwa napita, nasoma, nacheka peke yangu, naondoka bila kusema kitu. Hata mtaani niko hivyo hivyo, mdomo mzito. Shule niliishia la saba na kuandika kwangu ni kwa taratibu, kwa hiyo uzi huu nimeuandika kidogo kidogo kila nikipumzika kazini. Mkiona mahali pamekaa vibaya mnivumilie.

Ila nilichoandika ndicho kilichotokea. Alama ninayo juu ya sikio.

Kazi yangu ni kuosha viatu vya mtumba pale soko la Mchikichini. Belo likifunguliwa, viatu vinatoka vimekunjamana na vina tope la nchi za watu. Mimi nasugua, naanika, nabandika soli iliyoachia, naweka kamba mpya. Mteja akija anakuta kiatu kinang'aa, anaamini kilivaliwa kanisani mara moja tu. Ndiyo kazi inayotulisha mimi na mama yangu hapo Ilala.

Siku hiyo gundi iliisha. Bosi akanituma Kariakoo, kuna mtaa wa nyuma wanauza vifaa vya mafundi viatu. Kwa miguu si mbali. Nikaenda nimevaa tisheti yangu ya bluu, mgongoni ina picha kubwa ya jogoo mwekundu anaendesha baiskeli, na maandishi ya lugha ambayo mpaka leo sijui ni ya wapi.

Hiyo tisheti niliinunua sokoni kwetu. Wanaovaa mtumba mnayajua maneno ya wauzaji. Kila nguo ni ya peke yake, Dar nzima hutaiona kwa mwingine. Na mara nyingi ni kweli, ndiyo raha yenyewe. Nguo ya dukani mnaweza kukutana watu watano kwenye harusi moja mmefanana, ila mtumba hauna pacha. Na sisi tunaofanya kazi humo sokoni ndio tunaamini hivyo kuliko watu wote.

Imani hiyo ndiyo ilitaka kuniua.

Nimeshanunua gundi, nimeiweka mfukoni, natoka, nikasikia watu wanaita mwizi.

Kariakoo likipigwa hilo neno, wamachinga kwanza wanakamata pembe za turubai zao na kukusanya bidhaa, halafu ndiyo wanatazama mwizi yuko wapi. Mimi nikasogea ukutani nipishe njia. Sikukimbia. Watu waliniuliza sana baadaye kama nilikimbia, kwa hiyo naliweka hapa mapema.

Akatokea dada mmoja anahema, kandambili moja mguuni, nyingine mkononi. Amekwapuliwa simu. Watu wakamuuliza mwizi yukoje. Sura hakuiona, alimwona mgongo tu anakata kona. Akasema ana tisheti ya bluu yenye jogoo kwenye baiskeli.

Wakuu, mimi nilikuwa nimeegemea ukuta, jogoo haonekani. Ningetulia pengine wangepita. Lakini niliposikia jogoo kwenye baiskeli, nikajikuta nageuza shingo na kuvuta tisheti nijitazame mgongoni. Kama mjinga.

Mtu akanidaka mkanda kwa nyuma.

Kofi la kwanza sikuliona limetoka wapi. Yaliyofuata nayo sikuyaona. Kuna kaka mmoja, Mungu ambariki, aliwazuia kidogo akamuuliza yule dada kama ana uhakika. Dada akaja karibu, akanigeuza, akamtazama jogoo vizuri.

"Kaka, mimi mwenyewe nauza magauni ya mtumba. Tisheti kama hii hazipo mbili. Ni huyu."

Alisema bila hasira. Na mimi ningekuwa upande wake ningesema vile vile.

Wakanipekua. Simu hakuna. Mmoja akasema nimeshampasia mwenzangu. Mwingine akaitoa ile gundi mfukoni akainyanyua juu watu waione, akasema si mnaona, huyu ni mvuta gundi. Yaani kitu cha kazi yangu kikawa ushahidi.

Ninyi mnaoongea vizuri mngejieleza. Mngesema nafanya kazi fulani, bosi wangu fulani, mpigieni. Mimi nikiogopa maneno yanagoma kutoka. Nilikuwa nafungua mdomo na kufunga. Na watu wakiona mtu yuko kimya wanajua amekubali.

"Jogoo leo anachinjwa," mmoja akasema, watu wakacheka.

Hicho kicheko ndicho kilinitisha kuliko ngumi. Wanaocheka hawana hata hasira, utawatulizaje? Halafu nyuma yao nikasikia sauti inauliza tairi linapatikana wapi, kwa utulivu kabisa, kama mtu anauliza choo.

Wakawa wananiburuta. Nikaanguka kwenye ngazi ya duka moja linalouza vifungo, zipu na nyuzi za mafundi cherehani. Mlangoni amekaa mama mtu mzima wa Kiswahili hasa, baibui jeusi, miwani imeshukia puani. Nikainua uso tukatazamana.

Hapo ndipo nilipopata neno. Moja tu. Sikulichagua, lilitoka lenyewe kama linavyotoka kila siku nikikutana na mtu mzima.

"Shikamoo mama."

Naye, bila kufikiri, akajibu, "Marahaba."

Nikaona kama jibu lake mwenyewe limemshtua. Akasimama, akaweka mguu wake mmoja kati yangu na wale watu.

"Huyu niachieni mimi," akasema.

Wakamwambia mama pisha, ni mwizi huyo. Akasema inawezekana kweli ni mwizi, yeye hajui, na wao hawajui. Halafu akasema maneno ambayo nitakufa nayo:

"Kanisalimia, nimemwitikia. Mtu niliyemwitikia salamu hauawi mlangoni kwangu."

Akanishika kola, akanivutia ndani kama gunia, akashusha geti. Sijui nguvu alitoa wapi. Nje wakawa wanapiga geti kwa mateke, vifungo vinaruka kwenye makopo. Yeye akampigia simu askari anayemfahamu, kisha akanipa maji na kitambaa, akaniambia nisichafue vitambaa vyake vya zipu kwa damu. Nikamwambia hapana mama. Hayo yalikuwa maneno yangu ya pili.

Nikadhani yameisha. Bado.

Kelele za nje zikabadilika ghafla. Geti likaacha kupigwa. Nikasikia mtu anasema tumemwonea yule, mwenyewe si huyu hapa.

Nikainama nikachungulia chini ya geti. Kuna kaka alikuwa anasukuma mkokoteni umejaa marobota ya vitenge, anapita zake kuelekea Msimbazi. Amevaa tisheti ya bluu. Mgongoni jogoo mwekundu, baiskeli, maandishi yale yale.

Nilitazama nikahisi nimekufa tayari na ninajiona kwa nje.

Baadaye yule dada wa magauni ndiye alinieleza. Huko ng'ambo wakifanya mashindano yao, tisheti zinazobaki zinatupwa kwa pamoja, zinafungwa belo moja. Inatokea mara chache. Wauzaji wakilipata belo hilo hawakuambii, wanatoa moja moja, na kila mteja anaambiwa ni yake peke yake.

Sasa wale watu waliokuwa na uhakika kuwa ni mimi, dakika ile ile wakawa na uhakika kuwa ni yeye. Hakuna aliyesema jamani tulikosea, tusikosee tena. Nilimsikia yule kaka analia na kulalamika, "Jamani, nitaibaje nimeshika mkokoteni kwa mikono miwili?" Swali zuri kabisa. Jibu lake lilikuwa ngumi.

Wakuu, nitawaambia ukweli wa moyo wangu. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba si mimi. Halafu nikaona damu inamtoka mdomoni, na jogoo wangu yuko mgongoni kwake, nikaona aibu.

Nikamwambia mama afungue.

Akanitazama juu ya miwani. "Ukitoka sijui kama nitaweza kukuingiza tena."

Nikasema najua mama. Akapandisha geti kidogo, nikapita chini kwa tumbo.

Nilisema si yeye. Sauti haikufika popote, hata mimi sikuisikia vizuri. Basi nikafanya kitu ambacho hakihitaji sauti. Nikapenya mpaka alipo, nikasimama pembeni yake, nikawapa watu mgongo. Nikamshika bega naye nikamgeuza. Tukawa tumesimama sambamba tunatazama mkokoteni, majogoo wawili wanawatazama wao.

Nilikuwa nasubiri pigo la kisogoni. Halikuja.

Kelele zikashuka. Nikageuza kichwa, nikamwona yule dada, na maneno yakaja.

"Dada, chagua. Ni mimi au ni yeye?"

Akanitazama. Akamtazama yule kaka. Akarudi kwangu.

"Sijui," akasema. Akakaa chini pale pale barabarani. "Wallahi sijui."

Hakuna aliyetangaza kuwa imeisha. Kuna mtu nilimwona anaweka jiwe chini taratibu, kama anaweka yai. Mwingine akaangalia simu yake kana kwamba amekumbuka jambo. Machinga mmoja akatandaza turubai akaanza kuita wateja wa soksi. Kufumba na kufumbua mtaa ukawa mtaa, kama hakukuwa na kitu.

Askari alipofika alitukuta watu wanne dukani kwa mama tunakunywa maji. Dada akatoa maelezo ya simu yake. Mwizi mwenyewe hajulikani mpaka leo, na kama ile tisheti alikuwa nayo kweli, basi Dar tuko angalau watatu.

Dada aliniomba radhi huku analia. Alisema angeniua kwa mdomo wake bila kunigusa. Mimi nilitikisa kichwa tu, si mnanijua sasa. Yule kaka wa mkokoteni, anaitwa Shafii, ndiye aliyetutoa machozi ya kicheko. Mdomo umevimba, akasema, "Dogo, tungekufa leo watu wangejua ni msiba wa ukoo mmoja, tumeshona sare."

Nilirudi kazini bila gundi, nimechelewa. Bosi aliponiona uso hakuuliza gundi. Jioni nilikaa nje kwetu mama anapika, nikasikia moshi unaingia machoni, nikafurahi hata na moshi. Nilikula ubwabwa wote ukaisha, nikaomba ukoko. Sijawahi kula hivyo.

Nilichojifunza ni hiki. Zamani nilidhani wananzengo, yaani watu wa mtaa, wakimkamata mtu lazima kuna kitu amefanya. Sasa najua kundi linaweza kuwa na uhakika mara mbili ndani ya robo saa, kwa watu wawili, na kukosea mara zote mbili. Ukisikia mwizi, usiongeze mkono wako. Uliza hata swali moja, kama yule kaka wa mwanzo. Na mshikilieni mtu mpaka askari afike. Kama ni mwizi, wizi wake hautapungua kwa kusubiri.

Jambo lingine, kundi halina mtu wa kukuomba msamaha. Yule aliyeuliza tairi niliitambua sauti yake. Anauza mihogo ya kukaanga njia ninayopita. Kila nikipita ananiambia mambo dogo, namjibu poa, ananiongezea kachumbari. Hanikumbuki kabisa. Sijajua bado nimwambie au niache, na hapo ndipo naomba ushauri wenu wakuu. Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Na kama ulikuwepo pale siku hiyo na unasoma hapa, usihangaike kuniomba radhi kwenye comment. Mimi niko Mchikichini upande wa viatu, yule kimya mwenye brashi. Pita tu unisalimie. Nitaitikia.