Kuhulda, Neno la Langas

Kosa ni langu, na nalikiri mapema ili nicheke vizuri. Mimi, Mildred muuza mboga, ndiye niliyelitunga neno "kuhulda".

Kiswahili kilikuwa na maneno ya kututosha. Ukimimina, maziwa yanaenda unakotaka wewe. Ukimwaga, yanaenda yanakotaka yenyewe. Lakini miaka kumi na miwili iliyopita jirani yangu Hulda, mgeni kutoka pande za ziwa, alianza kuuza maziwa hapa mtaani Langas. Siku hiyo ya kwanza aliinua mtungi wa lita ishirini, akaulenga kwenye sufuria, kisha maziwa yakaishia chini. Yote! Yalipita mbele ya nyanya zangu yakiteremka barabarani. Kuku walikunywa, paka akaja na ukoo wake. Nilishika mbavu. Kesho yake mteja mmoja akaangusha uji wake, nami nikapayuka, "Haya, umehulda!"

Neno likapata miguu. Fundi akipindua kopo la rangi, amehulda. Kanisani, siku ya meza ya Bwana, nilimsikia mzee wa kanisa akimnong'oneza mwenzake asihulde divai, nikatoka nje kucheka. Hulda mwenyewe hakulipenda hata siku moja. Akinuna, namwambia, "Punguza hasira, Mama Bridgit, si umekuwa maarufu!" Mdomo wangu huu!

Mwaka huu binti yake Bridgit akapata mchumba, Nyongesa wa mtaa wa Kapsoya, na wakwe wakatuma ujumbe kwamba watakuja Jumamosi kujitambulisha. Ijumaa Hulda alinijia kibandani, macho mekundu.

"Mildred, kesho hilo neno lisitamkwe kwa nyumba yangu. Wale watu wananijua kama Mama Bridgit tu. Sitaki wamcheke mtoto wangu."

Niliona aibu. Nikaapa, nikazunguka ploti yetu nzima, nyumba kwa nyumba, nikiwaapisha wapangaji wengine.

Jumamosi wakwe walipofika, tulikaa wima, tukichagua maneno kama watu walio kwenye mtihani. Nilijiuma shavu, kicheko kilikuwa kimenifika masikioni. Hulda akapita na birika mpaka kwa Mzee Kituyi, mjomba wa Nyongesa. Kikombe kikajaa pomoni.

"Ngoja, mama, ngoja!" mzee akapiga kelele. "Utafanya nihulde kwa kapeti!"

Bridgit akafunika uso kwa mikono.

"Mzee, hilo neno umelitoa wapi?" Hulda akauliza.

"Kwani si Kiswahili? Sisi Kapsoya tunalisema kila siku."

"Limetoka kwangu. Mimi ndiye Hulda."

Hulda akaweka birika mezani, akasimulia ile asubuhi, na hapo nikagundua kwamba kwa miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza kilichotokea. Mtungi ukiwa bado hewani, alimwona kaka yake Javan akishuka kwenye boda boda. Javan alikuwa amepotea miaka sita, na jamaa walikuwa wameshaacha kumtafuta. Hulda alimpungia mikono yote miwili. Hata mimi nilikuwepo, lakini nilikuwa nikitazama maziwa.

"Sikuyajali," Hulda akasema. "Mpaka leo siyajali."

Nililia huku nikicheka, makamasi na yote, mbele ya wakwe. Wageni nao hawakuwa na hali. Bridgit alikwenda kumkumbatia mama yake, karibu amwangushe. Mzee Kituyi akajifuta macho kwa tai, akanyoosha kikombe chake, kimejaa vilevile.

"Basi nihuldie, mama," akasema. "Hata mimi nimefurahi kukuona."

Hulda akachukua birika. Chai ikapita ukingo wa kikombe, ikajaza kisahani, ikateremka kwenye kapeti, na hakuna hata mmoja wetu aliyenyanyuka kutafuta kitambaa.