Kiazi cha Mama Fumiko

Nilipokuwa mtoto pale kijijini Sapiwi, sikuogopa fisi wala nyoka. Niliogopa sindano iliyovunjika. Bibi alituonya: ikivunjika itupe chooni siku hiyohiyo, maana anayeitunza anataka kumchoma mtu kwa mbali, kwa uchawi.

Mwalimu wangu wa kushona, Mama Fumiko, alikuwa Mjapani. Alikuja kufundisha akina mama ushonaji; wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki na cherehani yake na mablanketi aliyoyajaza pamba yetu, akiyadarizi kwa mkono mpaka macho yakamwiva. Nilimpenda mno. Nikitoka shule nilikwenda kwake moja kwa moja, hata njaa naisahau.

Asubuhi moja ya likizo nilimkuta amechemsha kiazi kitamu, amechomeka ndani yake sindano zote zilizovunjika mwaka ule, kainamisha kichwa ananong'ona. Mbio nilizotimua! Nikamwambia Bibi, na jirani yetu, ambaye mwanawe alikuwa na homa, akasikia. Kabla ya saa sita uwanja wa Mama Fumiko ulijaa watu.

"Macho yenyewe mekundu kama ya mchawi!" jirani akapiga kelele. "Ahame leo leo!"

Bibi akapenya katikati yao, akamwita mama kwa kilugha chetu.

"Mayu, unamchoma nani?"

"Simchomi mtu, mayu." Akamwonyesha kiazi. "Kwetu sindano zilizovunjika tunazishukuru kila mwaka. Zimepita kwenye nguo ngumu. Leo zinalala mahali palaini."

Bibi alikisogelea kiazi. Kisha, yeye aliyetutisha vile, akafungua fundo la kitenge chake na kutoa sindano iliyokatika, akaichomeka kwenye kiazi.

"Hii ilishona nguo za wanangu wote," alisema. "Nilishindwa kuitupa."

Watu wakatawanyika mmoja mmoja. Mtoto wa jirani alipona, ila mama yake hakuleta tena kitambaa pale.

Mwaka jana, nikiwa fundi mwenye kibanda changu Bariadi mjini, nilimwendea Mama Fumiko na kukiri kwamba mimi ndiye niliyepeleka maneno. Hakuacha kushona.

"Nilijua siku ileile. Ulikimbia ukaacha ndala mlangoni. Nikazifunika kwa kitambaa, wasije wakasema nawe umo."

"Mbona hukunifukuza?"

"Ungeogopa sindano maisha yako yote."

Nililia kama mtoto. Miaka yote nilidhani nimemficha jambo. Kumbe siku ile, mbele ya watu waliotaka kumfukuza, yeye ndiye aliyenificha mimi.